Nina kamera ya kuanzia: nikope ninunue kubwa ili nipige picha za nyumba?

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Mwanga, hapa Kigoma. Nimeajiriwa kwenye stesheneri karibu na soko. Natoa kopi, nachapa barua, napiga pasipoti saizi. Kamera ni yangu mwenyewe, Canon 2000D na lenzi yake ya milimita 18-55 iliyokuja nayo. Niliinunua ikiwa imetumika kidogo, kwa hela niliyodunduliza.

Kukaa pale dukani kumenifanya nione kitu. Watu wanaohamishiwa huku kikazi, walimu, wauguzi, watu wa mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi, wanatafuta nyumba wakiwa bado huko walipo. Madalali wanawatumia picha kwa WhatsApp. Mama, hizo picha ni mtihani. Chumba giza, ndoo ya kudekia katikati, kona ya picha kidole. Nikasema hapa kuna kazi yangu.

Nikamfuata dalali mmoja, nikampigia nyumba kadhaa bure ili anijue. Alipoziona akaniambia madirisha yote yameungua meupe, kuta zimelala kama zinataka kuanguka, na vyumba vinaonekana vidogo kuliko vilivyo. Akasema kamera yangu ni ya kitoto, nitafute kamera kubwa na droni ndipo nirudi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba picha zilezile alizoziponda nilizikuta kwenye status yake, na nyumba moja ikapata mpangaji. Hakunipa hata hela ya vocha.

Mama yangu mdogo yuko kwenye kikoba, na yuko tayari kunichukulia mkopo wa milioni 3, riba asilimia 10, nirudishe kwa miezi 10. Mama yangu mzazi hataki hata kusikia. Anasema niuze kamera, nifungue genge niuze mawese na dagaa, watu wanakula kila siku. Na wenye nyumba niliowafuata mwenyewe wote jibu lao ni moja, "simu yangu inatosha."

Nikope, niuze kamera, au niachane na hili wazo nibaki na pasipoti? Naomba unishauri kama mwanao.

Binti wa Mwanga, Kigoma

*

Marahaba mwanangu.

Usikope, na kamera usiuze. Hayo ndiyo majibu yangu, na sasa nikueleze sababu, maana najua "usikope" peke yake haimsaidii mtu aliyekwisha kuona njia.

Tuanze na hesabu. Milioni 3 kwa riba ya asilimia 10 ni milioni 3 na laki 3. Gawa kwa miezi 10, unapata 330,000 kila mwezi. Tuseme nyumba moja unalipwa 30,000. Basi nyumba 11 za kwanza za kila mwezi ni za kikoba, kabla hujala, hujapanda bodaboda, hujanunua bando. Na leo hii huna mteja hata mmoja anayelipa. Ukikwama, anayesimamishwa mbele ya wanakikoba ni mama yako mdogo, na akiba yake ndiyo itakayokatwa. Deni la namna hiyo linaharibu undugu, mwanangu, na nyinyi bado mnahitajiana.

Sasa rudi kwenye maneno ya dalali. Alilalamikia mambo matatu: madirisha meupe, kuta zilizolala, vyumba kuonekana vidogo. Yote matatu ni kweli yanaharibu picha ya nyumba. Lakini hakuna hata moja linaloponywa na kamera ya bei kubwa. Mpe mtu asiyejua kamera ya milioni 10, asimame pale uliposimama, aishike ulivyoishika, na madirisha yataungua, kuta zitalala. Kamera yako ina megapikseli 24, na picha ya nyumba inayotazamwa kwenye kioo cha simu haihitaji hata nusu yake. Kinachokosekana kwako ni stendi ya miguu mitatu na mazoezi ya jicho. Stendi ndiyo kitu cha kwanza kununua, tena kwa mshahara wako, wala isiwe ya fahari. Ikiwa nyepesi, ining'inizie mkoba katikati itulie.

Kuta kulala kunatokana na kuinamisha au kuinua kamera. Ukiielekeza juu kidogo ili dari iingie, mistari ya kuta inaanza kukimbiliana huko juu. Ukiielekeza chini, inapanuka. Dawa yake ni kamera kuwa sawa kabisa, haiangalii juu wala chini. Iweke kwenye stendi kimo cha kama sentimita 120, washa picha kwenye kioo cha nyuma, kisha kwenye menyu washa ile mistari ya gridi. Tafuta fremu ya mlango au ukingo wa dirisha, uulinganishe na mstari wa wima. Usibonyeze mpaka vikae sambamba. Kama dari bado ni kubwa mno kwenye picha, usiinamishe kamera, shusha stendi. Kama sakafu ndiyo imejaa, pandisha. Hilo moja tu litakutenga na picha zote za simu zinazozunguka hapo mjini, kwa sababu jicho la mtu, hata asiyejua lolote kuhusu picha, linamwambia nyumba yenye kuta zilizonyooka imejengwa vizuri.

Madirisha ndiyo yenye kazi, na hapa nitakaa kidogo.

Nyumba nyingi za kwetu ndani ni giza. Madirisha ni ya kiasi, yana nondo na wavu wa mbu, bati limetokeza nje kuzuia mvua, halafu nje jua linawaka. Jicho lako linaweza kuona kochi na mwembe wa nje kwa pamoja. Kamera haiwezi kwa picha moja. Ukipima mwanga wa kochi, dirisha linaungua. Ukipima mwanga wa dirisha, kochi linapotea gizani. Basi piga picha tatu za sehemu ileile: moja ya kawaida, moja ya giza, moja ya mwanga mwingi. Kamera yako inafanya hivyo yenyewe. Kwenye menyu ya kurekebisha mwangaza kuna alama ya AEB, itanue hadi ipishane hatua 2 kila upande. Weka gurudumu kwenye Av, ambapo wewe unachagua uwazi wa lenzi na kamera inachagua muda, chagua f/8, na ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, iache 100. Kisha weka kipima muda cha sekunde 2, ubonyeze na kutoa mkono. Itapiga zote tatu kwa mfuatano bila wewe kuigusa. Kwenye chumba chenye giza shata inaweza kubaki wazi sekunde nzima au zaidi, na ndiyo maana nimeanza na stendi. Lenzi yako kama ina swichi ya kutuliza mtikisiko, izime ukiwa kwenye stendi.

Ukifika kwenye kompyuta ya stesheneri, fungua programu ya GIMP, ambayo ni ya bure. Weka picha ya giza juu ya ile ya kawaida, kisha futa kila kitu cha ile ya juu isipokuwa dirisha. Kwa kuwa kamera haikusogea, zitalala moja juu ya nyingine bila mshono. Futa kwa brashi laini, na usilifanye dirisha liwe giza sana, acha ling'ae kidogo kuliko chumba kama lilivyo kweli. Mwanzoni itakuchukua muda mrefu, kisha mkono utazoea. Ukitaka kusafisha picha zenyewe, darktable nayo ni ya bure na inasoma mafaili ya RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoiona. Anza leo kupiga RAW pamoja na JPEG, maana RAW inahifadhi habari nyingi za sehemu za giza na za mwanga ambazo JPEG inazitupa.

Kuhusu fokasi usihangaike. Lenzi ikiwa kwenye 18 na f/8, fokasi kwenye kitu kilicho kama mita 2 mbele yako, kisha hamisha swichi ya lenzi kwenye MF, fokasi ya mkono, isibadilike. Kuanzia kama mita 1 hadi mwisho wa chumba vyote vitaonekana safi.

Rangi pia itakusumbua. Kuta za kijani na za bluu zinarusha rangi yake hadi kwenye dari, na ukiwasha taa nyeupe huku mwanga wa mchana unaingia, picha inakuwa na rangi mbili zinazogombana. Mchana zima taa, fungua mapazia yote. Beba karatasi nyeupe ya A4, unazo tele hapo kazini. Ipige picha ndani ya chumba hichohicho ikijaa kwenye fremu, halafu iambie kamera itumie picha hiyo kuwa kipimo cha weupe.

Haya, vyumba kuwa vidogo. Watu watakwambia lenzi ya 18-55 haiwezi kazi ya ndani. Tupime. Kwenye kamera yako, 18 inaona pembe ya karibu nyuzi 64 kwa mlalo. Ukisimama mita 3 kutoka ukutani unapata upana wa kama mita 3.7 na kimo cha kama mita 2.5. Chumba cha futi 10 kwa 10 ukuta wake ni kama mita 3. Maana yake ukirudi nyuma hadi mlangoni, au ukaiweka stendi nje kabisa ya mlango, ukuta wote wa mbele unaingia na nafasi inabaki. Kinachofanya chumba kionekane kidogo ni kusimama katikati yake, au kumpa mtazamaji ukuta mmoja mtupu. Simama mlangoni au kwenye kona, onyesha kuta mbili na sakafu inayokimbia kuelekea dirishani. Sakafu ndiyo inayomwambia mtu ukubwa. Ondoa zulia lililokunjwa, ndoo, viatu, waya wa kuchajia, na chumba kitajipanua chenyewe.

Siku ukipata hela ya lenzi pana, ya Canon 10-18 inaingia kwenye kamera yako hiyohiyo, na iliyotumika inatosha. Lakini hata ukiwa nayo, usiitumie mpaka chumba cha futi 10 kikaonekana ukumbi. Mwalimu anayetoka Lindi na vyombo vyake kwenye lori amepima kitanda chake kwa picha yako. Akifika kitanda hakiingii, dalali atamkimbia, na wewe ndiye utakayesemwa Mwanga nzima. Kwa sababu hiyohiyo usifute ufa ukutani, usifute nguzo ya umeme mbele ya geti. Ndoo unaiondoa kwa kuwa inaondoka na mwenyewe. Ufa unabaki na mpangaji.

Jua la Kigoma lina mambo yake ambayo mafunzo ya mtandaoni hayatakwambia. Nchi nzima tunafuata saa ileile, ile ya longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, lakini Kigoma mko karibu na nyuzi 29.6. Kila nyuzi moja ni dakika 4. Jua linafika utosini kwenu mnamo saa 7 mchana, si saa 6, na ukilinganisha na Dar es Salaam mnachelewa kama dakika 40. Kwa hiyo mpiga picha wa Dar akisema "nje piga saa 11 jioni," wewe ongeza. Saa 11 yenu jua bado kali, linachora kivuli cheusi chini ya bati.

Halafu angalia nyumba inatazama wapi. Ziwa lenu liko magharibi. Nyumba zinazotazama Tanganyika asubuhi uso wake uko kivulini, na jua linazifikia vizuri alasiri. Zinazotazama mashariki nenda asubuhi. Zinazotazama kaskazini hupata jua usoni wakati wa mchana kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, zile za kusini miezi iliyobaki. Dalali akikupigia, swali lako la kwanza liwe "mlango mkubwa unaangalia wapi?" ndipo upange saa. Kiangazi, moto wa nyasi na vumbi vinatanda hadi milima ya Congo inapotea. Kama nyumba inauzwa kwa sababu ya mandhari ya ziwa, subiri siku moja baada ya mvua. Anga linakuwa limeoshwa, milima inasimama ng'ambo unaweza kuihesabu.

Na kuna dakika chache baada ya jua kuzama, karibu na saa 1 jioni, ambazo kwa nyumba yenye baraza ni dhahabu. Anga bado lina bluu, taa za ndani zimewashwa, mwanga wa ndani na wa nje umelingana. Hapo hata picha moja inatosha, dirisha haliungui. Lakini kwetu giza linaingia haraka, labda una dakika 20. Fika mapema, chagua sehemu, weka stendi, subiri. Na mwambie mwenye nyumba aangalie salio la umeme wa LUKU kabla hujafika.

Droni iache. Kuirusha kunataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na wapangaji unaowatafuta wewe wanataka kujua choo kiko ndani au nje. Flashi nayo usikimbilie. Ukifika wakati wa kuitaka, tazama kwanza ile reli ya juu ya kamera yako ambapo flashi inachomekwa. 2000D nyingi zimetoka kiwandani bila ile chuma ya katikati, na flashi nyingi za bei nafuu zinaitegemea hiyo iziamshe. Nenda na kamera dukani, ijaribiwe mbele yako. Na nyumba isiyo na dari, ukirusha mwanga juu unaishia kwenye bati.

Sasa "simu yangu inatosha." Mwenye nyumba hajakudanganya. Simu za siku hizi zinachanganya mwanga zenyewe, na baadhi zina lenzi pana. Ukishindana naye kwa ubora wa picha tu, atakushinda kwa kuwa yake ni bure. Usimwuzie picha. Mwuzie kazi nzima ambayo yeye hana muda nayo. Unafika na mkanda wa kupimia, unapima kila chumba na kuandika. Unapiga sebule, vyumba, jiko, choo na bafu, geti, tenki la maji, njia ya kuingilia na barabara ilivyo. Unaandika maelezo mafupi ya kweli: vyumba vingapi, kipi kina choo chake, maji yanatoka siku zote au kwa zamu, LUKU ni ya peke yake au ya kuchangia na wapangaji wengine, fensi ipo au haipo, gari linaingia au linaishia lami. Mtu aliye Dodoma au Mbeya akipokea kifurushi hicho hana swali la kuuliza zaidi ya kodi. Dalali wa kawaida anamtumia picha nne na neno "nzuri."

Na zungumza na mwenye nyumba kwa hesabu yake. Nyumba ya kodi ya 200,000 kwa mwezi ikikaa wazi, inampotezea karibu 6,700 kila siku. Malipo yako ya 30,000 ni chini ya siku 5 za nyumba kukaa tupu. Mwambie hivyo kwa adabu, halafu nyamaza.

Usijifungie kwenye nyumba za kupanga pia. Kigoma kuna gesti na hoteli ndogo zinazopokea wageni wa hifadhi za Gombe na Mahale, na wageni hao wanachagua kwa picha kabla hawajafika. Kuna mafundi wa aluminiamu, wa jipsamu, wa makabati ya jiko, ambao kazi zao nzuri zinabaki kwenye nyumba za watu na hawana cha kumwonyesha mteja mwingine. Fundi ni mteja mzuri sana wa kuanza naye, maana kila akimaliza kazi anakuhitaji tena.

Kuhusu yule dalali. Picha zako alizitumia na zikamletea mpangaji, kwa hiyo alikuwa akijua zina thamani huku akiziponda. Mtumie ujumbe mfupi, bila hasira: "Kaka, nimefurahi nyumba imepata mtu kupitia picha zangu. Zile zilikuwa za kufahamiana. Kuanzia sasa nyumba moja ni 30,000, nusu kabla sijaenda, nusu nikikabidhi." Asipojibu, umejua. Picha za majaribio kwa mtu mpya mpe ndogo, zenye jina lako kwa chini. Kubwa anapata akishalipa, tena zitume kama faili, si kama picha, WhatsApp isizibane. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha pia, ila usisubiri mpaka mfike huko. Andikeni kwenye meseji kabla ya kazi: nani atazitumia, wapi, mpaka lini, na kama dalali mwingine anaruhusiwa kuzichukua. Meseji aliyoijibu "sawa" ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya mdomoni.

Hili linalofuata nakuomba ulisome mara mbili, kwa kuwa wewe ni binti na kazi hii itakupeleka kwenye nyumba tupu na watu usiowajua. Usiende peke yako. Nenda na mdogo wako, rafiki, yeyote, umwite msaidizi, na kweli atakusaidia kushika pazia na mkanda. Kabla ya kutoka, mtumie mtu nyumbani eneo la nyumba na namba ya aliyekuita. Miadi ya ile saa 1 jioni iwe kwa nyumba yenye mwenyeji anayefahamika, si nyumba tupu ya Bangwe yenye dalali mmoja na funguo. Mtu akikwambia njoo mwenyewe tu, hiyo kazi iache, hata kama amelipa.

Na nyumba yenye mpangaji ndani, ruhusa ya mwenye nyumba peke yake haitoshi. Mwulize aliyemo. Piga hodi, vua viatu, na kwa familia za Ujiji ongea kwanza na mama wa nyumba, akwambie vyumba gani ni sawa kuingia. Picha za harusi ukutani, vyeti, sare za watoto zenye jina la shule, namba ya gari, namba ya mita, visionekane. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, ila hata kabla yake ilikuwa ni heshima ya kawaida. Na ukiwa nje, usielekeze lenzi bandarini wala kwenye eneo la jeshi ili tu kupata mandhari.

Mama yako mzazi simlaumu. Ameona kamera haijaleta hela, na dagaa wanaleta. Usibishane naye. Baki kazini stesheneri, maana mshahara ule ndio unaokupa nguvu ya kumkatalia dalali, na kompyuta ile ndiyo studio yako. Mama mdogo mshukuru sana, mwambie mkopo hapana kwa sasa. Ukifika mahali ambapo wateja wanaolipa wanakupigia wenyewe kila mwezi na lenzi ndiyo inayokuzuia, hapo mtazungumza tena, na kwa kiasi cha lenzi moja iliyotumika.

Kwa kuanza, chukua nyumba mnayokaa. Ipige jinsi nilivyoeleza, chumba kwa chumba, asubuhi, kisha mchana, kisha jioni, ulinganishe. Halafu nenda kwa jirani au ndugu mwenye chumba cha kupangisha, mfanyie kifurushi kizima na vipimo na maelezo. Hiyo ndiyo sampuli utakayobeba kwenye simu. Kisha mtafute fundi jipsamu mmoja anayemaliza nyumba sasa hivi, na Kigoma hawakosekani, umwonyeshe. Bei yako mtajie wewe kabla hajauliza.

Uniandikie nyumba ya kwanza ya kulipwa ikipatikana, na unitumie picha ya sebule pamoja na ile ya giza uliyotoa dirisha. Nitaziangalia.